Adapta ya gari haifiki, na mume wangu hajui nimeilipia yote

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Goba, kazi yangu ipo Posta. Agosti 2025 mimi na baba watoto tuliuza gari letu la petroli tukanunua Nissan Leaf ya mwaka 2018, ile ya betri ya uniti 40, kutoka Japani. Ilikuja na mistari 11 ya afya ya betri kati ya 12. Wazo lilikuwa langu. Nilimpigia hesabu ya mafuta tunayochoma kila mwezi kwenye foleni, akakubali kwa shingo upande, na akatoa sharti moja tu: gari liwe linafika Morogoro.

Sharti hilo lilitokana na mama yangu. Anaishi Kihonda peke yake, ana kisukari na presha, na kila baada ya wiki mbili ana kliniki. Mimi ndiye ninayempeleka. Kutoka kwetu hadi mlangoni kwake ni kama kilomita 180.

Safari ya kwanza tulikuwa watu wanne, kiyoyozi kimewashwa, mwendo wa mia kwa saa. Tulipofika Mikese ikawaka ile taa ya kobe, gari likaanza kujikokota, mwisho tukafungwa kamba nyuma ya pikapu. Baba watoto hakusema neno hadi tunafika. Ukimya ule bado naukumbuka.

Baada ya hapo nikaambiwa dawa ni adapta ya kuchaji haraka. Gari letu lina mdomo wa kuchaji haraka wa Kijapani, CHAdeMO, na mashine ya haraka ninayoijua, ambayo ipo mjini, ina mdomo wa Ulaya, CCS2. Haviingiliani bila adapta. Nimesikia na njia ya Morogoro itawekwa nyingine. Nikampata mfanyabiashara anayeagiza vitu vya magari ya umeme kutoka China, bei shilingi milioni 2.4. Tulikubaliana na mume wangu tutoe nusu, iliyobaki tulipe mzigo ukifika. Nilipokwenda kulipa nikaambiwa anayelipa yote mzigo wake unatangulia. Nikachukua mkopo wa milioni 1.2 kwenye kikoba changu nikamalizia. Mume wangu hajui. Hiyo ilikuwa katikati ya Novemba, na niliahidiwa siku 30.

Desemba nikaambiwa kiwanda kimezidiwa na oda. Januari, sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Mwishoni mwa Februari, mzigo umezuiwa uwanja wa ndege kwa sababu una betri ndani. Sasa tunamaliza Machi, naambiwa upo kwenye meli, "wiki ijayo dada yangu". Nimeshaambiwa wiki ijayo mara nne.

Mume wangu anasema sasa basi: tudai milioni yetu na laki mbili, tuuze gari, turudi kwenye petroli. Akidai nusu, muuzaji atamwambia nililipa yote. Shemeji naye amemleta fundi wa Ilala anayesema adapta ni kuunganisha nyaya tu, atatutengenezea kwa laki sita. Na marejesho ya kikoba nayalipa kimya kimya kila mwezi, pamoja na riba.

Kwa matumizi ya kila siku gari halina shida. Naenda kazini na kurudi, kilomita 46, nachaji nyumbani usiku kwa waya iliyokuja nayo kutoka Japani. Plagi yake ya Kijapani nimeivalisha kibadilishi cha Kariakoo. Asubuhi plagi huwa ya moto na soketi imeanza kuwa ya kahawia, lakini inachaji.

Kliniki mbili za mama nimezikosa. Alikwenda na jirani. Nisubiri, nidai pesa, nimkubalie fundi, au niuze gari? Na huyu mume wangu nimwambieje?

Mwenye subira iliyochoka, Goba


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mambo mengi, lakini naanza na lile ambalo hukuuliza. Umelitaja kwa mstari mmoja kana kwamba ni jambo dogo: plagi ya moto na soketi ya kahawia. Nakuomba usiku wa leo usichaji hapo kabla hujamaliza kusoma aya mbili zinazofuata.

Waya iliyokuja na gari imetengenezwa kwa soketi za kuchajia magari za Japani, volti 200 na ampea 15. Kazi ya kile kiboksi cha katikati ni kuliambia gari livute umeme kiasi gani, na gari hutii. Kwa hiyo linavuta ampea kama 14 au 15 bila kupumzika, kupitia kibadilishi chembamba, hadi kwenye soketi yetu ya ampea 13. Soketi hiyo iliundwa kwa pasi na birika, vitu vya dakika chache. Saa kadhaa mfululizo ni kazi nyingine. Joto huanzia pale pini zinapogusana na shaba ya ndani. Shaba inalegea, mguso unapungua, joto linazidi, na rangi ya kahawia ni plastiki inayoungua taratibu. Vibadilishi vingi vya aina hiyo pia havina pini ya athi inayofanya kazi. Volti 230 zetu si tatizo kwa chaja iliyo ndani ya gari. Udhaifu upo ukutani.

Tiba haina ughali wa adapta. Fundi umeme mwenye leseni avute waya wake peke yake kutoka kwenye meinswichi, wa milimita 4 za mraba (au 6 kama unafikiria mashine kubwa baadaye), aweke breka ya ampea 20, kifaa cha kukata umeme ukivuja cha miliampea 30, na soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16. Apime fimbo ya athi kwa kipimo, asiiangalie kwa macho tu. Kisha ununue waya wa kuchajia wa volti 230 wenye mdomo wa Type 1 (ule wa kuchaji kwa umeme wa kawaida kwenye gari lako) unaokuruhusu kuchagua ampea: 6, 8, 10, 13, 16. Ule wa Japani uufunge kamba uuweke. Kabla soketi ya bluu haijawekwa, waya huo mpya unaweza kuchomekwa kwenye soketi nyingine ya kawaida, nzima, ukiwa umeufunga kwenye ampea 10. Kukitokea taa nyekundu kwamba hakuna athi, asije mtu akaunganisha athi na nyutro ili taa izime. Wapo wanaofanya hivyo, na bodi ya gari inaweza kubaki na umeme.

Sasa twende kwenye mzigo wako.

Unavyoandika ni kana kwamba adapta ndiyo ufunguo wa kila kitu: wa mama, wa gari, wa amani ya nyumba. Ruhusu niulize jambo moja. Mashine ya haraka unayoijua ipo mjini. Safari ya Morogoro unaianzia Goba, na Goba unatoka na betri iliyojaa kwa sababu umechaji usiku. Adapta ikifika kesho, utaitumia wapi kati ya Kibaha na Mikese? Ile ya njiani umesema umeisikia. Mashine za haraka nchini kwetu bado ni za kuhesabika, kwa hiyo kabla ya kuweka moyo wote kwenye kifurushi kimoja, piga simu au uende mwenyewe: ipo? Inawaka? Mdomo wake ni CCS2 kweli, au ni ule wa Kichina wa GB/T? Ukijibiwa "bado", utakuwa umegundua kwamba kinachokuchelewesha kufika kwa mama si mzigo wa China peke yake.

Tuipige hesabu safari yenyewe. Mstari wa kwanza wa afya ya betri kwenye Leaf hupotea betri ikiwa imepungua kwa karibu asilimia 15. Betri yako basi ina uniti kama 32, na za kutumia kwa usalama ni 30 hivi. Morogoro ipo juu ya Dar kwa takriban mita 500, na kuipandisha gari ya tani moja na nusu pamoja na watu wake kunakula uniti mbili na nusu za ziada. Kwa mwendo wa 100 na kiyoyozi, Leaf hutumia uniti 18 hadi 19 kwa kilomita mia. Ndiyo maana kobe alikukuta Mikese. Hesabu inalingana kabisa. Kwa mwendo wa 80 ni kama uniti 15, unafika ukiwa umekauka. Kwa 65 hadi 70 ni kama 13, unafika Kihonda na akiba ya uniti nne hivi, kilomita kama 30. Inawezekana, lakini ni safari ya kukaza roho, na upepo wa mbele au mvua kubwa vinaila akiba hiyo yote. Kabla ya kuijaribu, ingiza kwenye gari kifaa kidogo cha OBD2 chenye bluetooth (kinachosoma kompyuta ya gari), weka programu ya Leaf Spy kwenye simu, uende hadi Mlandizi na kurudi asubuhi ya Jumapili. Utajua gari lako linakula nini hasa, badala ya kutegemea namba zangu au za muuzaji. (Na siku ikitokea tena mnavutwa, magurudumu ya mbele yawe juu. Leaf ikiburutwa na magurudumu ya mbele chini, mota inazungushwa na inaweza kuharibika.)

Ipo njia ya katikati. Ukiwa na ule waya wa kuchagua ampea, unaweza kusimama Chalinze kwenye mgahawa au gesti, ukaomba na kulipia. Ampea 10 kwa saa mbili na nusu hukupa uniti tano, yaani kilomita 33 za utulivu. Na ukilala kwa mama, saa kumi na mbili za ampea 10 humwaga karibu uniti 24 kwenye betri. Kurudi ni kuteremka, zinakutosha ukianza na mabaki uliyofika nayo. Lakini soketi ya kwa mama nayo ikaguliwe kwanza, kwa sababu zile nilizozisema hapo juu.

Na ipo treni. SGR ilianza Dar hadi Morogoro Juni 2024, na safari haifiki saa mbili kwa treni ya haraka. Ukitoka asubuhi ukachukua bajaji hadi Kihonda, umempeleka mama kliniki na jioni upo kwako. Najua gari lilinunuliwa ili usihangaike na usafiri. Ila kliniki ya kisukari haisubiri kontena, na kliniki mbili ulizokosa zimekuuma kuliko milioni 2.4, nimeliona hilo kwenye namna ulivyoziandika mwishoni, peke yake, kwa sentensi fupi.

Kuhusu muuzaji. Sitasema ni tapeli, wala sitasema ni mwaminifu, kwa sababu maelezo yake yamechanganyika. Hili la betri lina ukweli. Adapta ya CCS2 kwenda CHAdeMO ina betri yake ndogo ya lithiamu ndani, inayowasha ubongo wake kabla ya gari na mashine kuanza kuongea. Kwa hiyo kwa ndege inahesabiwa ni mzigo hatari: inatakiwa karatasi ya usalama wa kemikali na muhtasari wa kipimo cha usalama wa betri cha UN 38.3, na mzigo utangazwe chini ya namba UN 3481. Wakala asiyekuwa na karatasi hizo hurudishwa, na wengi huhamishia mzigo baharini. Kwa meli, tangu kuingia ghala la China hadi kuutoa bandarini, hesabu wiki nne hadi nane, na kontena la kuchangia hungoja lijae kwanza. Sikukuu ya Kichina nayo ni kweli. Mwaka huu iliangukia Februari 17, na viwanda hufunga kabla na kuchelewa kurudi. Ila wewe ulilipa katikati ya Novemba. Desemba nzima na nusu ya Januari hazielezwi na sikukuu hiyo.

Badala ya kumuuliza "utafika lini", swali ambalo ameshazoea kulijibu, muombe vitu vinavyoweza kukaguliwa. Kama ulipita uwanja wa ndege, hati yake ina namba ya tarakimu 11, tatu za mwanzo ni za shirika la ndege. Kama upo melini, kontena lina herufi nne, ya nne kwa kawaida U, kisha tarakimu saba. Ukiiingiza kwenye tovuti ya kampuni ya meli utaona lipo bahari gani. Kama umechangia kontena, wakala ana risiti ya ghala yenye jina la mteja, uzito na idadi ya maboksi. Omba pia picha ya kibandiko cha adapta yenyewe, namba yake ikisomeka. Mwenye mzigo hivi havimsumbui, anavituma jioni hiyohiyo.

Picha hiyo itazame kwa makini. Ziko adapta tatu zinazochanganywa kila siku. Kuna ndogo, nyepesi, ya Type 2 kwenda Type 1, ni ya umeme wa kawaida na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile. Kuna ya CHAdeMO kwenda CCS2, ambayo ni kinyume cha unayoitaka. Na kuna yako: upande wa mashine ni CCS2, upande wa gari ni CHAdeMO, ni nzito kilo kadhaa, ina kitufe, taa, tundu la USB la kuichajia na kuipa programu mpya. Ukingoja miezi mitano ukapewa ya kinyume, hakuna fundi wa kuigeuza.

Akikosa kutoa hata kimoja ndani ya siku saba, unaweza kuomba pesa. Hapo kuna hatari ya kuijua mapema: huenda pesa ilishakwenda kiwandani, hana ya kurudisha kwa mkupuo, na ukimbana sana anazima simu. Wengine hukubaliana kwa maandishi yenye mistari miwili tu: mzigo ukifika kabla ya tarehe fulani mteja anaupokea, usipofika, pesa zinarudi kwa mafungu ya tarehe zilizotajwa, mbele ya shahidi. Una risiti ya EFD? Kama huna, una ujumbe wa muamala na mazungumzo ya WhatsApp. Yahifadhi nje ya simu. Malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani, na madai ya namna hii hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Njia hizo zina mwendo wake na zinachosha, nawe ndiye unayejua una nguvu kiasi gani. Kuna pia uwezekano wa kusubiri tu. Kontena likionekana lipo karibu na Dar, kuvunja oda leo kunaweza kukupotezea zaidi ya kungoja wiki tatu.

Kuhusu fundi wa shemeji nazungumza waziwazi, kwa sababu hapa ni uhai. Nadhani hadanganyi, pengine ameona ile adapta ndogo ya umeme wa kawaida, ambayo ndani yake kweli ni nyaya zilizonyooka. Kuchaji haraka si hivyo. CHAdeMO, mfumo wa Kijapani, huongea na mashine kwa nyaya mbili za CAN, lugha ileile inayotumika ndani ya gari. CCS2, mfumo wa Ulaya, hupitisha mazungumzo yake kama mawimbi juu ya waya wa kuongozea. Ni kama mtu wa Kijapani na wa Kijerumani, anatakiwa mkalimani katikati, na mkalimani huyo ni kompyuta. Nyaya peke yake, mashine haitawasha kitu. Na akijaribu kuilazimisha iwashe, kinachopita ni umeme wa mkondo mmoja (DC) wa volti 350 hadi 400 na ampea zaidi ya mia. Umeme wa ukutani hushuka hadi sifuri mara mia kwa sekunde, cheche ikapata nafasi ya kuzimika. Mkondo mmoja haushuki. Cheche yake huendelea kuwaka ikiyeyusha shaba, na mkono ukiwa pale hautoki salama. Shemeji amekuja na nia njema, mshukuru. Laki sita hizo zingetosha sehemu kubwa ya kazi ya soketi ya bluu, na huenda fundi huyohuyo, kama ana leseni, ndiye wa kuifanya.

Kuuza gari nako kupo mezani, sikudharau. Ila muonyeshe mumeo hesabu kamili kwanza. Kilomita 46 kwa siku ni uniti saba za betri, nane ukutani. Kwa ampea 10 ni saa tatu na nusu. Ukianza saa nne usiku, kabla ya saa nane gari limeshapata chake. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 2,850 kwa siku ya kazi, elfu 63 kwa mwezi. Kama mita yenu ipo kwenye kundi la uniti 75 za bei nafuu, gari limeshawatoa humo, msishangae. Weka namba hiyo kando ya mafuta mliyokuwa mnachoma, kisha muamue kama gari la mjini pamoja na treni ya mama linawafaa, au nyumba yenu inahitaji gari moja linalofanya yote. Jibu lolote kati ya hayo lina heshima yake. Na mkiuza, risiti ya adapta iliyolipiwa ni ya kumpa mnunuzi pamoja na gari, msiiache ikapotea.

Nimebaki na mume wako.

Umeniuliza umwambieje. Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara naona kwamba hukuficha pesa ili ule peke yako. Uliogopa ukimya ule wa kutoka Mikese, ukataka kuumaliza haraka kabla haujarudi. Lakini tazama siri hiyo inavyokutendea sasa. Huwezi kumbana muuzaji ipasavyo, kwa sababu ukimbana sana, mumeo atajua. Huwezi kukubali kuvunja oda, kwa sababu hesabu itafumuka. Muuzaji asingeweza kujitafutia kinga bora kuliko hiyo, na umempa bila yeye kuiomba.

Ukimwambia kabla ya kudai pesa, atayasikia kutoka kwako, na anaweza kukasirika. Na hasira ya mtu aliyekuwa na wasiwasi tangu mwanzo huwa na "nilikwambia" ndani yake. Utaweza kukaa nayo jioni moja, mbili? Usipomwambia, upo uwezekano mzigo ukafika, ukamaliza kikoba kimya, asijue kamwe. Na upo uwezekano akayasikia dukani kwa muuzaji mbele ya watu. Wewe ndiye unayemfahamu. Unajua ni asubuhi au usiku anaposikiliza vizuri, na kama ni mtu wa kuambiwa uso kwa uso au wa kupewa karatasi kwanza asome. Wengine huona afadhali waende na mambo yote kwa pamoja: kiasi halisi, marejesho yaliyobaki, namba ya kontena kama imepatikana, na safari ya mama imepangwaje wiki hii. Usisahau kwamba naye aliliacha gari la petroli kwa hesabu zako, na hata sasa hajazikana. Mwanzoni aliomba tu gari lifike. Huenda ana hofu yake ambayo hajakutajia. Umewahi kumuuliza aliwaza nini kule nyuma ya pikapu?

Ikiwa adapta itafika, usiijaribie safarini. Ichaji betri yake ya ndani hadi ijae, soma karatasi ya boksini ujue ianze kuingia upande wa gari au upande wa mashine, kwa kuwa hutofautiana, kisha nenda kwenye ile mashine ya mjini gari likiwa na asilimia 40 hivi. Ikikataa kuanza, chomoa, izime, ngoja nusu dakika, rudia. Ikikataa mara tatu, tatizo mara nyingi ni betri yake ndogo au programu isiyoelewana na mashine ile, na muuzaji anatakiwa akupe programu mpya kwenye flashi. Ikianza, kaa dakika 15, iguse: vuguvugu sawa, ya kuunguza hapana. Kumaliza, simamisha kwenye mashine, sikiliza mlio wa swichi za ndani, ndipo uchomoe. Usitegemee zaidi ya kilowati 46 hivi, na baada ya kilomita mia za barabara kuu, pungufu, kwani betri ya Leaf haipozwi kwa maji na gari lenyewe hujipunguzia kasi likiona joto.

Nitumie picha ya kibandiko cha nyuma ya kile kiboksi cha waya wa Japani, na nyingine ya soketi, mchana kukiwa na mwanga. Na tarehe ya kliniki ijayo ya mama ni lini?